Acheni Kugawanya Ada kwa Mshahara

Kila msimu wa maombi ya vyuo hesabu ileile huzunguka mitandaoni: chukua ada yote ya shahada ya mawasiliano, igawanye kwa mshahara wa mwaka wa mwandishi wa habari, halafu tangaza kwamba fani hailipi. Wengine huifanya hesabu hiyohiyo na kutangaza kwamba inalipa sana, maana ada yake kwa kawaida iko chini ya ile ya udaktari. Makundi yote mawili yanakosea palepale, na kulijibu hili kwa sentensi mbili kumenichosha.

Gharama kwanza. Ada mnaijua. Kinachosahaulika ni kipato unachokiacha ukiwa darasani. Tuseme kijana wa umri wako asiye na shahada anaingiza 100 kwa mwaka baada ya kodi. Sarafu weka unayotumia. Shahada ni ya miaka 4, ada ni 40 kwa mwaka, vitabu na vifaa ni 5, na wewe kwa vibarua vya likizo unapata 20. Kila mwaka unatoa 45 mfukoni na kukosa 80, jumla 125. Miaka 4 ni 500. Ongeza nusu mwaka wa kusaka kazi baada ya mahafali, 50 nyingine. Tumefika 550, na ndani yake ada ni 160 tu! Chakula usikiweke, ungekula hata usiposoma. Kodi ya chumba weka ile ziada tu, kama umehama nyumbani.

Sasa mapato, na hapa ndipo uvumilivu wangu huisha. Mshahara wa mhitimu si faida ya shahada. Faida ni tofauti kati ya mshahara huo na ule ambao mtu huyohuyo angeupata bila kusoma, naye hakukaa miaka 4 akisubiri. Amepata uzoefu, huenda yuko 115 siku wewe unaanza na 105. Kwa hiyo miaka ya mwanzo kazini tofauti inaweza kuwa hasi, na hilo halina maana kwamba umechagua vibaya.

Halafu wastani. Wahitimu 10, tisa wanapata 90, mmoja ana kampuni ya matangazo na anapata 490. Wastani ni 130. Hakuna hata mmoja kati yao anayepata 130! Uliza mshahara wa mtu wa katikati, ambaye hapa ni 90, na uliza ni wahitimu wangapi waliolijibu dodoso la chuo, maana asiye na kazi mara nyingi hana hamu ya kulijaza. Uliza pia walikwenda wapi. Chumba cha habari ni mlango mmoja tu. Wengine wako kwenye uhusiano wa umma, masoko, mawasiliano ya ndani ya mashirika na kampeni za afya, na mishahara ya milango hiyo haifanani.

Tuseme baada ya kusawazisha miaka yote tofauti yako ni 30 kwa mwaka, kwa miaka 35 ya kazi. 30 mara 35 ni 1,050, karibu mara mbili ya 550, na hapo watu hufunga daftari. Fungueni tena. Fedha ya baadaye ina thamani ndogo kuliko ya leo, maana ya leo ungeweza kuiwekeza ikazaa. Kwa kiwango cha asilimia 5 kwa mwaka, 100 utakayoipata baada ya miaka 20 ina thamani ya 38 hivi leo. Ukijumlisha thamani ya leo ya 1 ya kila mwaka kwa miaka 35 unapata 16.37, kwa hiyo 30 yako unaizidisha kwa 16.37, si kwa 35. Unapata 491. Shahada ileile imekuwa hasara. Ili irudishe 550 inahitaji tofauti ya karibu 34 kwa mwaka. Kama unasoma kwa mkopo, tumia riba ya mkopo wako, ukiondoa mfumuko wa bei kama namba zako nyingine hazina mfumuko.

Ada ikipungua nusu unaokoa 80 kwa miaka yote 4. Vibarua vikipanda kutoka 20 hadi 40 kwa mwaka unaokoa 80 ileile, na bado una kazi za kumwonyesha mwajiri. Kurudia mwaka mmoja kunakula 125. Mafunzo kazini ya miezi 3 bila malipo baada ya kuhitimu ni 25.

Anayejiajiri ana hesabu yake. Akilipwa siku 120 kati ya 240 za kazi, bei yake ya siku lazima iwe mara mbili ya aliyeajiriwa kabla hata ya kununua kamera.

Kuna jambo ambalo hesabu yangu haiwezi kulitatua. Mchumi Michael Spence alionyesha mwaka 1973 kwamba shahada inaweza kulipa hata isipokufundisha kitu, kwa kumpa mwajiri dalili ya aina ya mtu uliye. Mchumi mwingine, Gary Becker, aliiona elimu kama mtaji unaoongeza uwezo wa kuzalisha. Kwenye mawasiliano, ambako mwajiri anaweza kusoma maandishi yako kabla ya kukuajiri, nashuku dalili ina uzito mdogo kuliko kwingine, lakini hiyo ni hisia yangu. Na anayekadiria miaka 35 ya mishahara ya uandishi wakati programu za kompyuta zinaandika taarifa kwa vyombo vya habari anabahatisha, mimi nikiwemo.

Aliye mwaka wa mwisho na anataka kuacha: yaliyokwisha kulipwa yafute kabisa. Kilichobaki ni 125 ya mwaka huu na 50 ya kusaka kazi, jumla 175, ambayo inahitaji tofauti isiyofika 11 kwa mwaka. Aliye mwaka wa kwanza bado ana zaidi ya 400 mbele yake, kwa hiyo asichukue jibu la huyu.