Kliniki ya mtaa: inauza nini, na asiye na bima aulize nini

Kliniki ya mtaa ni kituo kidogo cha afya cha mtu binafsi, aghalabu vyumba viwili au vitatu kando ya barabara, ambako mgonjwa huingia bila miadi, bila barua ya rufaa na bila kuulizwa kadi ya bima. Anaonwa, anapimwa, anapewa dawa, analipa taslimu au kwa M-Pesa, anaenda zake. Kisumu zimejaa Kondele, Manyatta na Nyalenda. Nakuru utazikuta Kaptembwa, Rhonda na Langalanga. Nyingi hufungwa usiku umeshaingia. Mama mboga hawezi kuacha kibanda asubuhi akapange foleni ya zahanati, lakini saa mbili usiku anaweza kumbeba mtoto mwenye homa hadi mlango wa tatu kutoka kwake. Kinachouzwa pale kwanza ni muda.

Anayekuhudumia kwa kawaida si daktari wa digrii, ingawa mtaa mzima humwita daktari. Ni tabibu mwenye diploma, au muuguzi. Hilo si kosa: tabibu aliyesajiliwa na baraza lao anaruhusiwa kuwa na kliniki yake. Kosa ni kukosa leseni. Leseni hutundikwa ukutani. Itazame, na usome mwaka ulioandikwa.

Bei ndiyo huwachanganya watu. Ada ya kuonwa huwa ndogo, pengine haipo kabisa, kwa hiyo mgonjwa huona amepata nafuu. Faida hutoka maabara na kwenye dawa. Ndiyo sababu watu wengi huingia na homa wakatoka na magonjwa mawili, malaria na taifodi, kana kwamba yamefungwa pamoja kiwandani. Malaria kandokando ya Ziwa Victoria si hadithi, na kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni hutoa jibu katika muda wa dakika 20 hivi. Ila kile kipimo cha zamani cha taifodi, Widal, hutafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza kupambana na viini vya ugonjwa, na hizo zinaweza kuwa zimebaki kutoka maambukizi ya zamani. Jibu la Widal peke yake halitoshi kukuandikia sindano za siku kadhaa. Kwa maoni yangu, hapa ndipo asiye na bima huumizwa zaidi, na huishia kusema amehudumiwa vizuri kwa sababu alipewa dawa nyingi.

Basi kabla ya kutoa kidole, uliza: ni vipimo gani, kila kimoja bei gani, na kipi kinaweza kungoja? Pesa zikipungua, punguza vipimo, usipunguze dozi. Vidonge vya malaria vya AL kwa mtu mzima ni 24 kwa siku tatu; kununua nusu kwa sababu homa imeshuka ni kuualika ugonjwa urudi.

Sasa, huyu anayesema "sina bima" mara nyingi anachanganya mambo mawili. Tangu Oktoba 2024, SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali ya Kenya, ilipochukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, kujisajili ni jambo moja na kulipa mchango ni jingine. Kujisajili ni bure, kwa kitambulisho, hata kwa kupiga *147# kwenye simu. Aliyesajiliwa, hata kama hajalipa senti, anastahili huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya, yaani kiwango cha 2 na cha 3, kwa sababu hizo hulipiwa na hazina ya afya ya msingi kutoka kodi. Mchango huhitajika ukilazwa au ukipelekwa hospitali kubwa. Mtu wa jua kali hukadiriwa kwa maswali kuhusu nyumba na mali yake, kisha huanzia shilingi 300 kwa mwezi, lakini hutakiwa kulipa ya mwaka mzima. Wengi hukwama hapo.

Baadhi ya kliniki za binafsi pia zina mkataba na SHA, kwa hiyo uliza mlangoni. Na tusidanganyane: zahanati ya umma inaweza kukuona bure kisha ikakutuma kemisti ukanunue dawa. Wakazi wa Kisumu, ambako mpango wa afya kwa wote ulifanyiwa majaribio kuanzia Desemba 2018, wanajua vizuri kwamba bure na dawa kuwepo ni vitu viwili.

Kuna wagonjwa ambao kliniki ya mtaa si mahali pao: mtoto mwenye degedege au anayehema kwa kasi, mjamzito anayetokwa damu, mtu aliyegongwa na bodaboda. Hao ni wa hospitali kubwa, iwe Jaramogi ya Kisumu, ambayo wengi bado huiita Russia, au ile ya rufaa ya Nakuru. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 imefanya kumnyima kuwa kosa. Bili itakuja baadaye, ndiyo, lakini hakuna anayeruhusiwa kudai amana kwanza huku mgonjwa anazimia.

Na usinunue mtaani kinachotolewa bure katika vituo vya serikali: dawa za TB, ARV na chanjo za watoto.