Ile picha ya "Kaaba tupu" mnayofowadiana, hebu tuisome vizuri

Mfungo Tatu, mwezi wa hija, ikikaribia tu simu yangu haipumziki. Shangazi yangu, Mungu amuweke, kila mwaka ananifowadia picha ile ile, Kaaba ya rangi ya chai, uwanja mweupe, na chini mtu kaandika "Makka 1850, subhanallah hakuna hata mtu mmoja". Halafu inafuata sauti: "Mwanangu, we si ndo unashughulika na mapicha ya kale, hii ya kweli?" Ni kweli ndo kazi yangu, naskani picha kuukuu na kuandika kila moja ni ya wapi na ya lini, na nishachoka kujibu grupu moja moja, basi naandika hapa mara moja.

Shangazi, picha ni ya kweli. Mwaka ndo uongo. Na watu walikuwepo.

Mwaka kwanza. Picha za mwanzo tunazozijua za Madina ni za 1861 na aliyezipiga si Mzungu, ni Muhammad Sadiq Bey, afisa wa jeshi la Misri, mhandisi aliyesomea Paris, alitumwa kupima njia ya kutoka Al-Wajh mpaka Madina na kamera akaisafirisha humo humo pamoja na vyombo vya kupimia ardhi. Makka aliipiga 1880, safari hiyo kaenda kama mweka hazina wa msafara wa mahmal wa Misri, ule uliopeleka kila mwaka kile kibanda cha heshima juu ya ngamia. Mwaka uliofuata picha zake zikapata medali ya dhahabu kwenye maonyesho ya jiografia kule Venice. Sasa hiyo 1850 imetoka wapi? Imetoka kwa mtu aliyeona picha kuukuu akakisia.

Haya, na watu wameenda wapi. Hapa lazima ujue jinsi zilivyopigwa. Sadiq Bey alitumia kioo kibichi, yaani unachukua kipande cha kioo, unakimwagia dawa inayonata kama ute, unakizamisha kwenye maji ya madini ya fedha ndani ya hema la giza, unakitia kwenye kamera kingali majimaji, unapiga, unarudi mbio kukisafisha na dawa kabla hakijakauka, kikikauka kimeharibika. Dakika kumi, kumi na tano hivi ukiwa nchi ya baridi, sasa piga hesabu Hijaz, nchi ya Makka na Madina, jua lile na vumbi lile, tena ndani ya hema lililofungwa kila upande. Mimi nilijaribu mara moja tu kwa mafunzo, kwenye chumba chenye kiyoyozi, nikaharibu vioo vinne.

Na kamera haikufumba na kufumbua kama ya simu. Mfuniko wa lenzi unatolewa kwa mkono, mwanga unaingia kwa sekunde kadhaa. Ukuta unatulia, mnara unatulia, ila anayetufu, anayeizunguka Kaaba, hatulii, anapita tu kioo hakimshiki. Ukiikuza picha kwenye skrini mpaka karibu na Hajar al-Aswad, lile jiwe jeusi, utaona kama moshi umepita chini ya kiswa, pazia la Kaaba, ule moshi ndo mahujaji. Waliokaa chini wanaonekana, waliosimama kwa sala wanaonekana, ndo maana zile picha za miaka ya 1880 za watu wakiwa safu kwa safu kuizunguka Kaaba zimejaa vichwa na hii ya shangazi inaonekana jangwa.

Kioo hicho tena kina upofu wake, kinaona buluu tu, nyekundu na njano kinaviona giza, na kijani nacho kinafifia. Mbingu inatoka nyeupe pe, Kuba la Mtume kule Madina ambalo lishapakwa kijani tangu 1837 linatoka kama limepigwa masizi. Sasa nyie mnaozipitisha kwenye programu za kutia rangi, ile rangi kompyuta imebuni, haikuwemo humo, naomba muache.

Nikipewa picha haina tarehe siangalii Kaaba, naangalia milango na vilivyoizunguka. Kwenye picha za zamani kuna tao moja limesimama peke yake uwanjani, halina ukuta kulia wala kushoto, hilo ni Bab Bani Shaiba, lango la kale la msikiti. Pembeni nyumba ya Zamzam, na makamu za madhehebu manne, yaani mahali pa imamu wa kila madhehebu, yetu sie Mashafii ilikuwa juu ghorofani hapo hapo kwenye Zamzam. Vyote hivyo viliondolewa karne ya 20, kwa hiyo vikiwepo ushajua picha ni ya kabla ya hapo. Jeddah vivyo hivyo, ukuta wa mji uliobomolewa 1947 ukiwa bado umeungana na Bab Makka, lango walilotokea mahujaji kwenda Makka, picha ni ya kabla ya hapo. Lililopo leo pale limejengwa upya, usidanganyike.

Kuna jambo moja linaniuma lakini. 1885 Mholanzi Snouck Hurgronje aliingia Makka, akakaa miezi michache, Agosti akafukuzwa kabla hata hija haijafika. Kamera akamwachia daktari mmoja wa Makka, Sayyid Abd al-Ghaffar, aliyekuwa amemfundisha kupiga. Daktari akaendelea, akapiga mahujaji, masharifu, msikiti, akawa anatuma Ulaya, na kwenye picha anaandika mwenyewe kwa hati nzuri kwamba hii ni picha ya Sayyid Abd al-Ghaffar, tabibu wa Makka. Zikatoka kwenye vitabu 1888 na 1889, juu kuna jina la Mholanzi, na kwenye baadhi ya picha yale maandishi yamefutwa. Miaka na miaka watu wakasema picha za Snouck, na mimi pia niliwahi kuandika hivyo kwenye kadi, nikaja kuisahihisha baadae.

Juzi nimemjibu shangazi, nikamrefushia haya yote kwa sauti ya dakika sita. Akanyamaza siku nzima. Jioni ikaingia meseji: "Sawa baba nimeelewa. Sasa huo moshi uko wapi, nizungushie wekundu."