Nimeyachemsha, Dokta: Maswali Kuhusu Maji ya Visima Karibu na Machimbo

Nahudumu katika zahanati ya kijiji wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, ambako wachimbaji wadogo wanatafuta dhahabu. Maswali haya nayasikia kila siku ya kliniki.

Machimbo yanaharibuje maji ya kisima?
Duara, yaani shimo la machimbo, likichimbwa, mawe yaliyokuwa chini yanakutana na hewa na maji. Yakiwa na salfa hutoa tindikali, na tindikali huyeyusha chuma, manganizi, pengine hata metali za sumu, aseniki na risasi. Juu kuna marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa kwenye karasha (mashine ya kusagia mawe), na zebaki ya kukamatia dhahabu. Mvua ikinyesha, vyote vinashuka bondeni, na visima vyetu vingi viko huko huko.

Mimi huyachemsha. Si yako salama?
Hapana. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na kwa hilo endelea. Risasi haifi, kwa sababu haina uhai. Mashamba ya chumvi ya pwani yetu, Lindi na Mtwara, yanafanyaje kazi? Jua linaondoka na maji, chumvi inabaki. Sufuria yako nayo ni hivyo hivyo: mvuke unakwenda, risasi na aseniki vinabaki, tena katika maji machache zaidi. Kadiri unavyochemsha ndivyo unavyovikoleza.

Nikitia dawa ya klorini je? Au nikichuja kwa kitambaa?
Hapana tena. Klorini ni ya vijidudu. Kitambaa kinazuia takataka. Shabu na mbegu za mlonge zinatuliza tope, lakini usizitegemee kutoa sumu iliyokwisha kuyeyuka.

Lakini maji yangu ni meupe na hayanuki.
Aseniki haina rangi, haina harufu, haina ladha. Mama mmoja alinijia na ndoo yenye utando wa rangi ya kutu pembeni, na shati la shule la mwanawe, jeupe, limekuwa kama limechovywa kwenye chai ya rangi. Neno lake la kwanza: "Dokta, nimeyachemsha." Kutu ile ni chuma, na chuma si kibaya kuliko vyote. Ila kilimpa taarifa mapema kwamba maji yamebadilika, naye akaendelea kuyachemsha na kuwapa watoto. Nawaombeni sana: maji yakibadilika rangi au ladha, acheni kuyanywa siku hiyo hiyo, mtoe taarifa.

Dalili ni zipi, na nije lini?
Risasi huwashika watoto zaidi: tumbo linauma mara kwa mara, damu inapungua, mtoto anazubaa darasani, na ikizidi, degedege. Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa risasi iliyotoka kwenye usagaji wa mawe ya dhahabu. Aseniki huja polepole, kwa miaka: madoa ya ngozi, viganja na nyayo kuwa ngumu, baadaye saratani. Zebaki, hasa moshi wake mnapochoma dhahabu jikoni, huleta mikono kutetemeka na kusahau.

Njoo dalili zinapoanza. Usimalize kwanza dawa tatu za malaria za dukani, wala usizunguke kwa waganga ukitafuta aliyekuroga. Ukifika, sema wazi unaishi jirani na karasha, maana nisipojua nitapima malaria tu. Na mtoto akipata degedege, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Wachimbaji wanasema maziwa yanatoa sumu.
Maziwa ni chakula kizuri. Zebaki hayaitoi. Dawa zipo, hutolewa hospitali baada ya vipimo, na hazina faida kama unarudi kunywa maji yale yale.

Na makaa ya mawe yanayopita bandari ya Mtwara?
Hayo yanachimbwa Ruvuma. Mengi yana salfa, kwa hiyo tindikali ni ile ile. Migodi ya makaa ya chini ya ardhi ina la zaidi: ikifungwa na pampu zikizimwa, maji hujaa mashimoni na huweza kutokea mbali, miaka baadaye. Mgodi kufungwa si sababu ya kuacha kupima.

Tupime wapi, na mara ngapi?
Anzeni RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilayani, au maabara ya maji ya Wizara, Mtwara. Ombeni chupa ya maabara. Chupa ya soda mliyoiosha itaharibu majibu. Semeni kwa kinywa chenu kwamba mnataka metali: risasi, aseniki, zebaki. Msiposema, mnaweza kupimiwa vijidudu na chumvi, mkarudi mmeridhika bure. Kipimo kimoja hakitoshi: pimeni kiangazi, pimeni tena baada ya masika, na kama machimbo bado hayajaanza, pimeni sasa ili mpate cha kulinganisha. Kamati ya maji iwe na daftari: tarehe, rangi, ladha, kina cha maji. Mkiona mtu anaosha marudio mtoni, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Mwambieni mtendaji.

Wakati tunasubiri majibu, tunywe nini?
Maji ya kisima kilichopimwa, hata kama ni mbali. Masika, kingeni ya mvua kwenye bati lisilofikiwa na vumbi la karasha. Mvua za kwanza ziacheni zioshe bati, kisha kingeni, na hayo ndiyo mchemshe.