Msafara wa boti Mafia hadi Kilwa: anza na tangi, visiwa baadaye

Kila mwaka kusi, upepo wa kutoka kusini, inapoanza kulegea, simu yangu hupokea ujumbe unaofanana. "Kapteni, tuko boti sita, tunataka kushuka Mafia, tupite visiwa vya Songosongo, tumalizie Kilwa. Tupangie." Chini yake picha za fukwe nyeupe. Nami huwauliza swali lilelile: kati ya boti hizo sita, ipi itaishiwa mafuta mapema kuliko nyingine, na mwenyewe analijua hilo?

Nimekuwa nikipanga misafara ya yoti za injini kutoka Msasani, Dar es Salaam, kwa miaka mingi, na sijaona msafara ulioharibika kwa sababu kisiwa kilikosa uzuri. Huharibika kwa sababu watu sita walipanga safari sita, kisha wakaziita moja. Zikishang'oa nanga pamoja, boti zote ni chombo kimoja. Mwendo wake ni mwendo wa boti ya polepole, masafa yake ni masafa ya yenye mafuta haba, na kina inachoweza kupita ni kile cha boti yenye mkuku (uti wa chini ya boti) mrefu zaidi. Boti dhaifu ndiyo inayopanga safari. Kukubali hilo huwa kazi ngumu kuliko kusoma ramani, hasa kwa ndugu aliyenunua injini mbili za farasi 300 na anataka zionekane.

Tuanze na hesabu ya mafuta. Kutoka Msasani hadi Kilindoni ni maili za bahari kama 75 ukizunguka Ras Kimbiji. Kilindoni hadi Songosongo ni 36 hivi, na kutoka hapo hadi Kilwa Kisiwani ni 26 au 27. Ongeza kona za kukwepa mafungu (miinuko ya mchanga au miamba chini ya maji), kwenda na kurudi ni karibu maili 290. Boti nzito ya mita 12 inayokata maji bila kupanda juu yake haiwezi kuzidi noti 8 na kitu (noti moja ni maili moja ya bahari kwa saa), kwa sababu inakuwa imenaswa na wimbi lake yenyewe. Ukiiendesha kwa noti 7 itakunywa kama lita 10 kwa saa. Saa 41, lita 415, na tangi lake kwa kawaida ni kubwa. Boti hii haina shida.

Sasa mwenye injini mbili za 300. Dizeli ikifanya kazi kwa nguvu zote hula takriban lita 0.19 kwa kila nguvu ya farasi kwa saa. Akienda noti 20 bila kukanyaga hadi mwisho, hesabia lita 85 kwa saa. Maili 290 zitamtaka lita zaidi ya 1,200. Kama tangi lake ni lita 1,000, hana safari. Na mimi sihesabu lita zote 1,000. Nafuata kanuni ya thuluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja haiguswi. Za kutumia ni 660, na kwa mwendo ule zitamfikisha maili 155 tu. Akipunguza hadi noti 8, pua ikatua majini, kila maili itamgharimu nusu ya mafuta yale au pungufu, na Kilwa inaingia mkononi. Kwa hiyo aliye na haraka ndiye anayelazimika kwenda polepole zaidi. Hesabu hii naiandika ubaoni mbele ya wote, boti kwa boti, wiki tatu kabla ya safari. Asiyejua boti yake inakula lita ngapi, namwambia aende kisiwa cha Mbudya na kurudi mara mbili, ajaze tangi, apime.

Usiweke visiwani tegemeo la mafuta. Utayapata Kilindoni na Kilwa Masoko kwa madumu, lakini boti sita zikifika siku moja zikitaka mamia ya lita, mtasubiri, na mtamaliza mafuta ambayo wavuvi wa pale wanayahitaji kesho. Na mafuta ya dumu yapitishe kwenye faneli yenye chujio la kutenga maji. Niliwahi kuvuta boti ya rafiki kwa saa tano kutoka upande wa kisiwa cha Kwale kwa sababu ya dizeli tuliyonunua sote mahali pamoja bila kuichuja. Bahari ilipokuwa shwari injini zilinguruma vizuri. Tulipoingia kwenye mawimbi, uchafu uliolala chini ya tangi ukakorogwa, chujio likaziba, injini ikazima wakati upepo unatusukuma kuelekea fungu. Ndiyo maana injini huzima bahari ikichafuka, mara chache sana ikitulia. Tangu siku ile kila boti ninayoipangia hubeba machujio sita ya dizeli, impela mbili za pampu ya maji ya bahari na mikanda ya akiba, na nahodha lazima abadilishe chujio mbele yangu, kwa mikono yake.

Majira. Mkondo wa pwani yetu hutiririka kuelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi hupata nguvu, mahali pengine hadi noti 3 au 4, na kaskazi ikivuma hupungua. Mtu wa noti 7 akishuka kusini dhidi ya noti 2 anabaki na 5. Atalipwa wakati wa kurudi, lakini mwanga wa jua haulipwi: Kilindoni kwa noti 7 ni saa 11, kwa noti 5 ni saa 15, na mchana wetu ni saa 12 na dakika chache. Huyo atafika gizani penye mafungu. Basi ama tunalala njiani upande wa Kwale, ama tunangoja majira mazuri. Mimi huchagua Oktoba na Novemba, upepo wa matlai, kusi imeshalegea na kaskazi haijakolea. Wakati huo papa potwe nao huwa wameanza kuonekana Kilindoni.

Juni na Julai sipangi kabisa. Julai 2012 meli ya abiria MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka hapa Dar kwenda Unguja, bahari ikiwa imechafuka, na watu wengi wakafa. Mwisho wa masika nao sipangi. Wapo wanaosema kimbunga hakifiki kwetu. Hidaya ilitua Mafia tarehe 4 Mei 2024.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote, nalo ni kuchagua tarehe. Watu huniletea tarehe za likizo ya ofisi. Mimi hufungua jedwali la maji.

Hapa kwetu maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hujaa kama saa kumi na hukauka kama saa nne, mchana na usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Weka hilo pembeni, kisha fikiria mwamba. Mwamba chini ya maji huuona vizuri jua likiwa juu, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane au tisa, ukiwa na miwani ya kukata mng'ao na mtu amesimama mahali pa juu. Bluu nzito ni kina, kijani ni maji machache juu ya mchanga, kahawia kaa mbali nayo. Jua likiwa usoni mwako, bahari yote huwa rangi ya sahani ya bati na hujui unachokikanyaga.

Kwa hiyo nataka maji yawe yanajaa katika saa zile za mwanga. Kama boti ikigusa mchanga wakati maji yanajaa, unangoja nusu saa na bahari yenyewe inakuinua. Ikigusa wakati yanakupwa, utakaa umelala ubavu hadi usiku. Na ikikwama kwenye kilele cha bamvua, huenda ukasubiri bamvua lingine, wiki mbili. Siku mbili kabla ya mwezi mpevu, maji yanamaliza kukupwa kama saa mbili na nusu asubuhi, miamba iko wazi unaihesabu, kisha yanajaa hadi kama saa nane na nusu mchana. Siku hizo ndizo ninazopanga kuingia mahali pagumu. Nachagua mwezi mpevu badala ya mwandamo kwa sababu usiku, nanga ikiburura, utawaona wenzako kwa macho.

Maji mafu, yale madogo ya katikati ya bamvua mbili, yana watetezi wake, na hoja yao ni nzuri: mkondo milangoni ni mdogo. Lakini siku hizo maji hujaa kama saa nne asubuhi, halafu yanakupwa mchana wote wa mwanga. Kwa msafara wa manahodha wasioijua njia, mimi naona heri mkondo wa kupambana nao kuliko maji yanayonikimbia chini ya mkuku.

Mlango wa Kinasi, wa kuingilia ghuba ya Chole huko Mafia, ndio mtihani. Ghuba nzima hujaa na kumwagika kupitia hapo. Maji yakitoka huku upepo ukivuma kuingia, mawimbi husimama wima. Tunaupita maji yakiwa yametulia au yameanza kuingia, boti moja moja, kila moja ikisubiri iliyotangulia iseme redioni kwamba imefika ndani. Na msiamini kisanduku cha ramani ya kielektroniki kuliko macho. Pwani hii ilipimwa na William Owen wa jeshi la majini la Uingereza miaka ya 1820, kwa bildi (risasi ya kupimia kina) na kamba. Vipimo vimeongezwa tangu hapo, lakini si kila fungu, na mchanga hautulii.

Wanaojua ni wavuvi wa dago. Vijisiwa kama Okuza na Nyuni huvioni na kijiji, ila msimu ukifika wavuvi hupiga kambi, huanika samaki, huishi hapo wiki kadhaa. Kabla boti zote hazijatia nanga, mtu mmoja ashuke na kidau, asalimie, aombe. Kisiwa kidogo hakina maji ya kunywa, kwa hiyo madumu mawili ya maji matamu ni zawadi ya maana. Mwaka mmoja mzee mmoja alipokea shikamoo yangu, akatazama boti zetu, akasema, "Hapo mlipotia nanga, mwanangu, maji yakigeuka mtalalia mwamba." Ramani yangu ilionyesha mchanga mtupu. Tulihama. Asubuhi maji yalipokauka, mwamba ulikuwa umetoa mgongo pale pale.

Nafasi ya nanga nayo ina hesabu. Kina cha mita 5 maji yakiwa yamekupwa kitakuwa 8.5 yakijaa, ongeza mita 1.5 ya pua ya boti, ni 10. Toa mnyororo mara tano, mita 50. Boti itazunguka duara lenye nusu-kipenyo cha zaidi ya mita 60, na jirani yako vivyo hivyo. Ghuba inayoonekana kubwa pichani hubeba boti nne. Kwa hiyo kila kituo nakipangia mahali pa pili kwa boti mbili zilizobaki. Katika Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, nanga haitupwi juu ya matumbawe, na ada hulipwa kabla ya kuingia. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingia urithi wa dunia mwaka 1981, nayo yana kibali, hulipiwa Kilwa Masoko. Kaseti ya muziki na taa kali zizimwe usiku upande wa Juani, kasa hutaga kule.

Kuna anayeomba kila mara tuongeze Fungu Kizimkazi. Nakataa. Ni maili kama 38 mashariki ya Dar, kina kirefu pande zote, hakuna pa kujikinga, na ndege wamejaa ardhini na mayai yao.

Uongozi. Nahodha wengi, chombo huenda mrama, na msafara ni hivyo hivyo. Mmoja anaamua kuondoka au kubaki, naye si lazima awe mwenye boti kubwa. Boti yenye nguvu ya kuvuta wenzake namweka nyuma kabisa, si mbele. Redio wote wanasikiliza chaneli 16 na kuzungumza kwenye 72. Antena ya mita 4 juu ya maji ikisema na nyingine kama hiyo hufika maili 9 hivi, basi, kwa hiyo safu haizidi maili 3 kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Kila boti iwe na kifaa cha dharura cha satelaiti cha megahezi 406, kimesajiliwa kwa jina la boti hiyo, si la mwenye kuiuza.

Usiku wa kuamkia safari tunakaa Msasani, tunasoma majina ya kila aliyemo, umri, ugonjwa, dawa. Karatasi hiyo anapewa dada yangu anayebaki nchi kavu, pamoja na mahali pa kulala kila siku na namba za kituo cha uokoaji baharini. Kila jioni nampigia. Saa tatu usiku ikifika bila sauti yangu, anajaribu simu za manahodha wote sita. Saa nne, anapiga kituo cha uokoaji, na hasubiri kuniuliza.