Vikundi vya Vijana Baharini: Pangeni Ratiba Mkianza na Safari ya Kurudi Nairobi

Kila likizo ya Desemba inapokaribia, kitengo chetu cha usalama hupokea ratiba za makanisa, klabu za shule na maskauti wa Nairobi wanaokwenda Watamu, Diani au Kisite kupiga mbizi na kujifunza kuendesha mashua ya tanga. Nyingi zina kasoro ileile: tanga siku mbili za mwanzo, mbizi asubuhi ya mwisho, kisha treni ya saa tisa alasiri kutoka Miritini, stesheni ya reli ya Mombasa. Huwa tunazirudisha. Viongozi hulalamika kwamba tunawasumbua bure, maana wao hawapandi ndege.

Kinachodhuru ni mwinuko, uwe wa ndege au wa reli. Anayepumua hewa ya mtungi chini ya maji hufyonza nitrojeni nyingi kuliko kawaida, na akishatoka majini mwili huitoa polepole kwa saa nyingi. Kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ikishuka kabla kazi hiyo haijaisha, nitrojeni iliyobaki inaweza kufanya mapovu katika viungo, ngozi, hata uti wa mgongo. Miongozo ya kusubiri kabla ya kuruka kwa ndege inahusu mwinuko wa kuanzia mita 600 hadi 2,400. Voi peke yake, iliyo njiani, iko karibu mita 600. Nairobi iko karibu mita 1,700, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 18 kuliko ufuoni. Tena abiria wa ndege hushuka baada ya saa moja. Kijana wenu atalala huko juu usiku kucha. Basi, treni na gari la kanisa vyote vinampeleka palepale.

Muda unaopendekezwa ni angalau saa 12 baada ya mbizi moja isiyohitaji vituo vya lazima wakati wa kupanda, na angalau saa 18 baada ya mbizi kadhaa au za siku mfululizo. Kwa vijana sisi tunataka saa 24, na hatubishani juu yake. Mbizi ya mwisho ikiisha Ijumaa saa tano asubuhi, kikundi hakiondoki kabla ya Jumamosi saa tano asubuhi. Treni ya alasiri siku hiyo inafaa.

Kwa hiyo geuzeni mpangilio: mbizi kwanza, tanga baadaye. Saa 24 za kusubiri ndizo siku yenu ya mashua. Ila kuna tahadhari mbili. Saa chache baada ya mbizi kijana asifanye kazi nzito, kwa hiyo kuvuta henza (kamba ya kupandishia tanga) na nanga kungoje kesho yake. Na siku hiyo ya mashua asizamie kwa kubana pumzi kufuata samaki, hata kama nahodha anasema maji ni mazuri.

Kwenye mtungi, tafadhali, hakuna oksijeni tupu. Ni hewa ya kawaida iliyochujwa na kugandamizwa, mara nyingi hadi baa 200 (baa ni kipimo cha kanieneo), na mpiga mbizi hurudi juu ya maji akiwa bado na baa 50. Kanuni ambayo mkufunzi ataikariri hadi mchoke ni kutozuia pumzi: hewa iliyovutwa mita 10 chini hutanuka mara mbili ikifika juu, na mapafu hayana nafasi hiyo. Kupanda kusizidi mita 9 kwa dakika, na kusimama mita 5 kwa dakika 3 ni desturi ya kila mbizi.

Umri wa kuanza ni miaka 10. Wa miaka 10 na 11 hawapiti mita 12, na hushuka na mkufunzi au na mzazi mwenye cheti. Wa 12 hadi 14 wenye cheti cha awali huishia mita 18, wakiongozana na mtu mzima mwenye cheti.

Fomu ya afya ndiyo inayoharibu safari nyingi. Mzazi akijibu “ndiyo” kwenye pumu, kifafa, upasuaji wa sikio au ugonjwa wa moyo, daktari lazima amchunguze kijana na kutia sahihi kabla ya safari. Ufuoni asubuhi ya Jumamosi hakuna daktari, na hapo ndipo mtu huomba fomu mpya ajaze “hapana” kote. Hilo ni kughushi. Kituo kikigundua kitamkataza kijana kushuka. Kwa aliye chini ya miaka 18 sahihi ni ya mzazi au mlezi wa kisheria. Ya mwalimu haikubaliwi, hata mwalimu mkuu. Mwenye mafua naye abaki kavu, kwa sababu hataweza kusawazisha masikio.

Kuhusu mashua, kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha tangu gatini. Kwa maji yaliyokingwa tafuteni lenye nguvu ya kuelea ya nyutoni 100, na nje ya mwamba 150. Lifungeni, kisha mlivute mabegani kwenda juu: likipita kidevu, ni kubwa mno. Katika jahazi, asiwepo kijana upande wa foromali (mti unaoshika tanga) wakati tanga linapogeuzwa. Ondokeni asubuhi kabla upepo haujakaza, na mwulizeni nahodha kama ni bamvu (maji makubwa) au maji mafu (maji madogo), maana wakati wa bamvu tofauti ya kupwa na kujaa huweza kufikia karibu mita 4 na mikondo ya milango ya mwamba huwa mikali. Agosti, kusi (upepo wa kusini) likivuma, maji huchafuka. Tunashauri Desemba hadi Machi.

Malipo ya kuingia hifadhi za bahari hufanywa kupitia eCitizen, si taslimu. Chupa na vikombe vya plastiki vya kutupwa vimepigwa marufuku humo tangu 5 Juni 2020, na mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu 28 Agosti 2017, kwa faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. “Hatukujua” si utetezi.

Kijana akilalamikia maumivu ya viungo, ganzi, madoa ya ngozi au udhaifu ndani ya saa 24 baada ya mbizi, msiseme ni uchovu. Mlazeni chali, apewe oksijeni kwa barakoa, aitwe daktari anayejua maradhi ya wapiga mbizi, na asipandishwe Nairobi. Dalili zikitokea mkiwa tayari njiani, shukeni kituo kinachofuata na kumpigia simu mkufunzi wenu. Namba yake iwe kwa viongozi wote.

Ratiba zilizorudishwa zinaweza kuletwa upya, zikionyesha saa ya mbizi ya mwisho na saa ya kuondoka ufuoni.