Shirika la kitawa la kijeshi ni kitu gani?

Ukisema "shirika" siku hizi, wengi wanafikiria reli, umeme au wafadhili. Wakatoliki wana matumizi yao mengine: shirika la kitawa ni jumuiya ya watu walioweka nadhiri za ufukara, useja na utii, wakaishi kwa kanuni moja chini ya mkubwa mmoja. Ongeza hapo neno "kijeshi" na mtu atakunja uso. Mtawa anayechomoa upanga?

Walikuwepo, na si wachache. Wanaojulikana zaidi ni Watemplari, kwa sababu ya hadithi za hazina iliyofichwa ambazo mimi sizipi uzito. Dhana yenyewe inaeleweka vizuri zaidi kwa ndugu, yaani watawa, wa shirika la Mtakatifu Yohane, maana wao walianza na wagonjwa.

Miaka ya 1070 hivi, wafanyabiashara wa Amalfi, Italia, walikuwa na nyumba ya kupokea mahujaji na kuuguza wagonjwa Yerusalemu, mji uliokuwa bado chini ya Waislamu. Msimamizi aliyekumbukwa anaitwa Gerard. Wapiganaji wa Vita vya Msalaba, Wakristo kutoka Ulaya, waliuteka mji mwaka 1099, na mwaka 1113 Papa Paskali II akaitambua hospitali hiyo kama shirika linalojitegemea. Hakukuwa na upanga katika hati hiyo.

Upanga uliingia polepole. Mahujaji walivamiwa njiani na wafalme wa Kikristo walikuwa na askari wachache. Wakati wa Raymond du Puy, aliyemrithi Gerard, ndugu walianza kukabidhiwa ngome: Bethgibelin mwaka 1136, kisha mwaka 1142 ile ngome kubwa ya Syria ambayo Waarabu huiita Qal'at al-Hosn. Anayepewa ngome hupewa na vita vyake.

Wagonjwa hawakuachwa, lakini. Kanuni iliwaita wagonjwa "mabwana", na ndugu wakawa watumishi wao. Amri za mwaka 1182 zinaingia hadi chini ya kitanda: matabibu wanne, vitanda virefu na vipana, kila kimoja na shuka zake, na kwa kila mgonjwa joho la ngozi ya kondoo, viatu na kofia ya sufu vya kuvaa anapokwenda chooni. Watoto wachanga wa mahujaji walitengenezewa vitanda vyao vidogo. Aliyeandika hayo alikuwa amewahi kuona mgonjwa akitetemeka usiku.

Sura hizo mbili, ya vita na ya tiba, zilionekana wazi mwaka 1187. Baada ya kuwashinda Wakristo vitani huko Hattin, Salahuddin, sultani wa Waislamu, aliamuru mateka wa Watemplari na wa Mtakatifu Yohane wauawe, kwani aliwajua kama adui wasiochoka. Alipoichukua Yerusalemu miezi michache baadaye, aliwaruhusu ndugu kadhaa wabaki kwa muda kuwahudumia wagonjwa.

Acre, mji mkubwa wa mwisho wa Wakristo huko Palestina, ulipoanguka mwaka 1291, wakahamia Kipro, halafu Rhodes. Watemplari walipovunjwa mwaka 1312, Papa aliwapa ndugu hawa sehemu kubwa ya mali ya Watemplari hao. Sultani Suleiman wa Waturuki aliwatoa Rhodes baada ya kuwazingira mwaka 1522, na mwaka 1530 Kaisari Karolo V akawapa Malta kwa kodi ya ndege mmoja aina ya kozi kila mwaka. Kodi nafuu, ila ilikuja na kazi ya kulinda bahari. Hospitali yao ya Valletta, mji wa Malta, ililisha wagonjwa kwa vyombo vya fedha, huku bandarini, hatua chache kutoka hapo, mateka Waislamu wakipiga makasia ya merikebu zao kama watumwa. Huwezi kusimulia la kwanza ukaliruka la pili.

Napoleon aliwafukuza Malta mwaka 1798. Tangu mwaka 1834 makao yao yako Roma. Hawana nchi, lakini wana mabalozi na hutoa misaada ya tiba. Jeshi limebaki kwenye jina tu.

Uingereza nako kulizaliwa shirika jingine lililochukua jina na alama zao, likapata hati ya Malkia Victoria mwaka 1888. Ndilo mama wa St John Ambulance. Ukimwona mhudumu wao Kenya amekaa pembeni mwa uwanja na machela yake, angalia ule msalaba mweupe begani. Una ncha nane, na ndugu wa Malta waliuvaa kwenye majoho yao.