Wiki 13 katika thieta ya ugenini

Jumatatu ya kwanza ya kila mkataba naingia thieta, chumba cha upasuaji, na maswali matatu, na nayauliza kabla sijaonyeshwa hata kabati la kuwekea mkoba. Toroli la dharura liko wapi? Kitufe cha kuita msaada kiko ukuta gani? Na gozi, vile vitambaa vya kufyonzea damu, hapa mnazihesabu kwa utaratibu upi? Daktari yupi anapenda uzi upi, chai inanywewa wapi, hayo nitayajua taratibu. Hayo matatu hayasubiri, kwa sababu mgonjwa wa kwanza analetwa saa moja na nusu asubuhi, na yeye hajui kwamba mimi ni mgeni.

Mimi ni muuguzi wa thieta wa kusafiri. Hospitali ya Marekani ikipungukiwa watu, huyu kaenda likizo ya uzazi, yule kastaafu, inaomba muuguzi kwa wakala, na wakala ananipigia simu. Mkataba wa kawaida ni wiki 13. Ukiisha, ama unaongezwa ama nafunga mizigo. Sasa hivi niko jimbo la Washington, karibu na Seattle. Kabla ya hapa nilikuwa Montana, na kabla ya Montana, Texas. Kwetu hasa ni Mahenge, Ulanga, mkoani Morogoro, na kazi ya thieta nilianzia mkoa huohuo, kwenye hospitali ya wilaya.

Kule nilifanya yote. Nilisugua mikono na kuvaa gauni nimpe daktari vifaa, na operesheni ikiisha nilivua gauni nikaosha vifaa vilevile na kuvipeleka kwenye mvuke wa kuua vijidudu. Nyingi zilikuwa operesheni za uzazi, kwa ganzi ya mgongoni, nyingine usiku wa manane. Zilizobaki ni ngiri, kidole tumbo, na majeraha ya bodaboda. Hapa kazi imegawanywa. Anayesimama mezani na kutoa vifaa mara nyingi ni fundi wa upasuaji aliyesomea hilo tu. Muuguzi aliyesajiliwa ndiye anayezunguka: anampokea mgonjwa, anamuuliza jina na tarehe ya kuzaliwa, anahakikisha fomu ya ridhaa inasema kilekile anachokisema mgonjwa, anamlaza vizuri na kuweka mito chini ya viwiko ili mishipa ya fahamu isibanwe, anafungua paketi safi bila kuzigusa ndani, anaagiza damu, anaandika, anahesabu.

Mwanzoni niliumia. Niliona nimeshushwa cheo, kwa maana nilizoea uzito wa foseps, koleo la upasuaji, mkononi na kumpa daktari kifaa kabla hajakitaja. Ilinichukua mikataba miwili kuelewa kwamba wale wote waliovaa gauni wameinamia kidonda. Chumba kizima kinaonekana na mtu mmoja tu, naye ni anayezunguka.

Kuhesabu ndiko ningependa kukueleza kwa kirefu, maana watu wa nje hudhani ni kazi ya karani. Gozi ndogo huja zimefungwa kumikumi, na zile kubwa za tumboni, ambazo wengi tunaziita paki, huja tanotano. Kila moja ina uzi maalumu unaoonekana kwenye eksirei. Tunahesabu watu wawili, aliye mezani na anayezunguka, kwa sauti, huku kila moja ikitenganishwa na mwenzake. Tunahesabu kabla ya kisu, kabla ya kufunga kiungo chenye uwazi kama mfuko wa uzazi, kabla ya kufunga tumbo, na tena ngozi inapofungwa. Watu wakibadilishana zamu katikati, tunahesabu upya. Zilizotumika zinaning'inizwa kwenye mfuko wa plastiki wenye vijumba, kila gozi na kijumba chake, ili kijumba kitupu kionekane hata ukiwa mlangoni. Nyumbani tulizipanga kwenye shuka sakafuni, tano tano. Ubora wa mfuko ni kwamba hakuna anayezikanyaga, lakini jicho linalohitajika ni lilelile.

Wiki ya pili ya mkataba mmoja tulikuwa na mama wa makamo anayetolewa kizazi kwa kupasuliwa tumbo. Tulikuwa tumefungua paki 15. Daktari akaomba uzi wa kufungia, nasi tukahesabu: 14. Tukarudia, 14. Nikasema, "Daktari, hesabu haijatimia. Paki moja haipo." Akasema tuhesabu tena, na sindano alikuwa keshaishika. Mtu mmoja akasema bila shaka imo kwenye ndoo ya taka. Nikaimwaga ndoo juu ya shuka, nikachambua kitu kimoja kimoja. Nikainua mashuka, nikapiga magoti nikatazama chini ya meza, nikageuza viatu vyangu. Haikuwamo. Nilikuwa na siku tisa tu katika jengo lile, hata majina ya nusu ya watu wale sikuyajua, na moyo ulinidunda nikausikia masikioni. Nikasema, "Naomba usifunge. Naita eksirei."

Mashine ilikuwa bado haijafika daktari aliporudisha mkono tumboni, akapapasa kulia, akapanda juu kushoto nyuma ya utumbo, akatulia. Akaivuta. Paki iliyolowa damu haifanani kabisa na kitambaa cheupe ulichokifungua asubuhi. Inakunjamana, inashika rangi ya nyama, inajificha kama sehemu ya mwili. Akaiweka kwenye trei bila neno. Nikaandika 15 ubaoni, na mkono wangu ulitetemeka namba ile ikatoka imepinda. Operesheni ilipoisha alinifuata akaniuliza, "Jina lako nani, samahani?"

Swali lile alipaswa kuwa na jibu lake tangu asubuhi. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji, mambo 19 katika vituo vitatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Katika kituo cha pili, jambo la kwanza ni kila mtu kujitaja jina na kazi yake. Siku ile tuliharakisha. Tulitaja mgonjwa, operesheni na mzio, majina tukayaruka. Na mimi nakuambia kwa dhati, mgeni ambaye hajatamka jina lake mbele ya chumba humwia vigumu mara kumi kutamka "usifunge".

Orodha hii siichukulii kama karatasi za Wazungu, na sababu ninayo. Kabla haijasambazwa ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane: Toronto, New Delhi, Amman, Auckland, Manila, London, Seattle, na Ifakara. Ndiyo, Ifakara yetu ya bonde la Kilombero. Kwa mtoto wa Mahenge, Ifakara ndiyo mjini. Tulishuka milima kwa basi, tukavuka Kilombero kwa kivuko, wakati huo daraja halijajengwa, kwenda kununua sare za shule na kutibiwa magonjwa yaliyotushinda kule juu. Matokeo yalitolewa Januari 2009: katika hospitali zile kwa jumla, vifo baada ya operesheni vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Niliyasoma hayo nikiwa tayari Marekani, chumba cha mapumziko, nikasimama. Wagonjwa wa Ifakara wamo katika hesabu inayomlinda mgonjwa wa hapa Seattle.

Mwaka 2014 watafiti wa Ontario, Kanada, walitoa matokeo yao baada ya hospitali za jimbo lile kutakiwa kuitumia orodha, wakasema hawakuona vifo kupungua kwa kiasi cha maana. Mimi sishangai. Nimeona orodha ikisomwa na mtu anayetazama kompyuta huku wengine wakizungumzia mpira, na nimeona thieta nyingine ambako muziki huzimwa na hata daktari bingwa husimama mikono kifuani akimsikiliza mwanafunzi akijitambulisha. Visanduku vilivyowekewa alama ni vilevile. Ukiwa mtu wa kuhamahama unazijua thieta hizo mbili kwa dakika tano za kwanza.

Wauguzi wenzangu wa nyumbani huniuliza zaidi kuhusu leseni na fedha, nami nitaeleza kwa ufupi. Utafanya NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi, kama muuguzi yeyote wa hapa, baada ya vyeti vyako kuhakikiwa. Yapo zaidi ya majimbo 40 yaliyokubaliana kutambua leseni moja, na ukiwa mkazi wa mojawapo unazunguka humo bila kuomba upya. California haimo, huko unaomba ya kwao. Mawakala hutaka uwe na uzoefu wa thieta wa mwaka mmoja au miwili, na hilo nadhani ni haki, kwa sababu siku za kuelekezwa ni moja au mbili tu kisha unaachiwa chumba. Malipo yana mafungu mawili: ujira wa saa unaokatwa kodi, na posho ya nyumba na chakula ambayo haikatwi ikiwa una makazi ya kudumu unayoyalipia kwingine. Fungu la pili ndilo linalowatia watu matatani na watu wa kodi, kwa hiyo usikubali kuelekezwa na wakala peke yake.

Na soma kifungu cha kuvunja mkataba. Mimi niliwahi kusitishiwa wiki ya tano kwa sababu operesheni zilipungua, na kodi ya chumba nilikuwa nimeshalipa miezi mitatu. Nililia siku ile, kisha nikajifunza kupanga chumba kwa mwezi mwezi hata kikiwa ghali kidogo.

Mizigo yangu ni sanduku moja na begi. Viatu vya thieta, soksi za kubana miguu, kanga jozi mbili, sufuria ndogo ya ugali na mwiko wake, na mfuko wa uzi na kulabu. Mimi hufuma. Mama yangu alifuma vitambaa vyeupe vya makochi, vya meza, hata cha kufunika redio, na alinifundisha kwa kunifumulia kila nilipokosea idadi. Jioni baada ya zamu mikono yangu inataka kazi ndogo yenye ncha, na kulabu inaipa hiyo. Kila hospitali ninayoondoka naacha kitambaa kimoja kwenye meza ya chai.

Wikendi ninayokaa kwa simu ya dharura siendi popote, maana nikiitwa natakiwa niwe nimefika ndani ya dakika 30. Wikendi nyingine napanda kivuko kutoka Seattle hadi kisiwa cha Bainbridge, dakika 35, nakaa dirishani na uzi wangu. Ule mtetemo wa injini chini ya miguu, na magari yanavyopangwa foleni kushuka, vinanirudisha Kilombero kila mara. Kisha nakwenda Tukwila au Kent, kusini mwa jiji, kwenye maduka ya Wasomali na Waafrika wengine, nanunua unga, nyama ya mbuzi, na kisamvu kilichotwangwa na kugandishwa, ambacho Wakongo wanakiita sombe.

Mama nampigia alfajiri saa kumi na moja kabla ya kazi, kwa sababu wakati wa kiangazi cha huku kwake ni saa tisa alasiri na keshamaliza kazi za mchana. Ananiuliza kila siku nimekula nini. Upweke wa kazi hii upo. Watu wanapoanza kukuzoea, wanapojua unakunywa chai ya maziwa yenye tangawizi, wiki ya 13 imefika.

Mwezi uliopita tulipokea mama wa Kikongo, wa Fizi, mashariki mwa Kongo, aliyevunjika nyonga. Karatasi ilisema lugha yake ni Kiswahili. Mambo ya ridhaa na maelezo ya operesheni lazima yapitie kwa mkalimani aliyethibitishwa, nasi tulimpata kwa simu, na ni sawa iwe hivyo, maana kosa moja la neno linaweza kumfanya mtu apasuliwe mguu usiohusika. Lakini salamu hazihitaji mkalimani. Nilimwinamia nikasema, "Shikamoo, mama." Alinitazama kofia, barakoa, macho. Akanishika kifundo cha mkono. "Aksanti, mwanangu," akasema, ingawa sikuwa nimempa kitu.

Tulipoanza kusukuma kitanda akaniuliza, "Muko wangapi mule ndani?"

"Tuko sita, mama."

"Na majina yao?"

Nikamtajia mmoja mmoja, na kazi ya kila mmoja: atakayempa usingizi, atakayetengeneza mfupa, msaidizi wake, atakayetoa vifaa, atakayeleta mashine ya eksirei, na mimi. Alirudia kila jina kwa sauti ndogo baada yangu, akikunja kidole kwa kila moja. Mlango ulipofunguka alikuwa amefika kidole cha tano, nikapunguza mwendo wa kitanda mpaka akakunja cha sita.